Wanangu wa Maliba, Msitie Sahihi kwa Siri

Wanangu na wajukuu zangu wa Maliba, nanyi mlioshuka mlimani kutafuta maisha Kasese mjini, Kisinga na Bwera, nina neno nanyi juu ya ardhi. Si ardhi ya ramani ya serikali. Nasema ile mliyoachiwa na baba zenu, yenye kahawa, migomba na makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Ardhi hiyo inaondoka mikononi mwetu, na inaondoka kwa karatasi. Zamani mtu alihama shamba kwa vita, kwa njaa au kwa kufukuzwa na mtawala. Siku hizi anahama kwa sababu dalali amekuja na faili, akasoma, akauza, akaondoka.

Asiyewahi kuuona mnada wa namna hiyo hudhani ni jambo la kelele. Sivyo. Gari husimama njiani kwa sababu haliwezi kupanda mpaka shambani, kisha watu wanne watano hupanda kwa miguu, mmoja ana gazeti lenye tangazo, mwingine ana karatasi ya mahakama au ya benki. Askari huwa nao wakihofia fujo. Majirani hukusanyika upande wa pili wa njia na hakuna anayefungua mdomo, maana kutaja bei kwenye shamba la jirani yako ni aibu ambayo watoto wako wataikuta. Kwa hiyo wanaotaja bei ni wageni, nao wanajua kwamba wenyeji hawatashindana nao. Katika mnada mmoja nilimwona mke wa mwenye shamba ameinama juu ya turubai akigeuza kahawa iliyoanikwa. Dalali anasoma mipaka: mto huku, njia huku, shamba la fulani huku. Mama yule hakuinua kichwa. Aligeuza zile punje upande huu na upande huu mpaka bei ya mwisho ilipotajwa, na kahawa ile ilikuwa imekwisha kukauka tangu jana yake. Hakuwa amejua lolote juu ya deni mpaka asubuhi ile.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Mnada umewakuta wengi, lakini karibu kila mnada niliouona ulikuwa umeanza kwa siri. Mtu alikopa bila kumwambia mkewe. Barua ya kwanza ilipokuja aliikunja akaiweka chini ya godoro. Barua ya pili hivyo hivyo. Akawaambia watoto kwamba mambo ni mazuri. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nawaambia kwamba mficha deni hulala nje. Shamba halikupotea siku ile dalali alipopanda mlima. Lilipotea siku mwenye nyumba alipotia sahihi katika ofisi ya mjini, peke yake, kisha akarudi nyumbani na sukari na mkate kama mtu aliyetoka sokoni.

Sasa sikilizeni kwa nini kwetu jambo hili ni zito kuliko mahali pengine. Kasese si wilaya ya kupoteza shamba leo ukanunua lingine kesho. Tazameni mlipo. Huku juu kuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991. Mpaka wake ukiuvuka na jembe unakamatwa. Kule chini, tangu 1952, kuna hifadhi ya Queen Elizabeth yenye tembo na nyati. Katikati kuna mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, mashamba ya magereza, machimbo ya chokaa ya Hima na mji wa Kilembe uliojengwa kwa ajili ya shaba. Kinachobaki ndicho tunachogawana sisi, wakulima na wafugaji, kila mtu na ukoo wake, na kila mwaka tunazidi kuongezeka. Babu zenu waliingia porini mwaka 1962 kwa ajili ya harakati za Rwenzururu, na moja ya sababu zao ilikuwa kutawaliwa juu ya ardhi yao na wengine. Wengi walikufa katika mambo hayo. Ardhi ambayo watu waliifia isitolewe rehani kwa pesa ya kununua pikipiki ambayo itakuwa chuma chakavu baada ya miaka mitatu.

Na mlima wenyewe hautuhurumii. Mnakumbuka mafuriko ya Mei 2013, na yale ya Mei 2020 yaliyobomoa hospitali ya Kilembe. Mto Nyamwamba ulichukua nyumba, mashamba na mazao. Deni halichukuliwi na mto. Mtu aliyekopa Machi kwa ajili ya mbolea na vibarua akakuta Mei shamba limefunikwa na mawe, bado alidaiwa yote. Mwaka huo wa 2020 mpaka wa Mpondwe ulifungwa kwa watu kwa sababu ya korona, na wale waliokuwa wakivuka daraja la mto Lhubiriha na mizigo kwenda Kasindi, upande wa Kongo, wakakaa nyumbani na madeni yao. Mfanyabiashara wa Bwera anajua jambo hili kuliko mtu yeyote: biashara yake imeegemea mpaka, na mpaka hufungwa au hubanwa siku moja bila kumuuliza. Jana ni ebola, leo ni vita upande wa Kongo, kesho ni amri ya forodha. Mtu mwenye biashara ya namna hiyo anayeweka rehani shamba la familia lililoko Maliba amefunga jambo lisilohama kwenye jambo lisilotulia.

Sisemi msikope. Mimi ni mzee, si mjinga. Watoto wa nchi hii wamesoma kwa mikopo, na wako watu huku kwetu waliojenga viwanda vidogo vya kuosha kahawa kwa pesa ya benki na sasa wanakula vizuri. Benki si adui yako, wala haikuja Maliba kukuchukua kwa nguvu. Wewe ndiye uliyepanda gari ukaifuata. Ninachokataa ni mkopo usiolingana na kipato. Kahawa yetu inaiva kwa msimu, lakini mkopo unadai kila mwezi. Mkulima anayeahidi kulipa kila tarehe 5 wakati anapata pesa mara moja au mbili kwa mwaka amejidanganya kabla hajadanganywa na mtu. Matokeo yake mnayajua: anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, ili alipe mwezi huu, na msimu ukifika hana cha kuvuna, kwa sababu kilichoko mtini ni cha mwingine. Hapo shamba halijafika mnadani, lakini limekwisha kuanza safari. Ukikopa kwa ajili ya shamba, dai malipo yafuate mavuno, yaandikwe hivyo kwenye mkataba. Afisa wa mikopo akikataa, ondoka.

Tena kuna mikopo ambayo sitaki hata kuisikia. Kijana anaweka rehani shamba la baba yake ili alipe wakala wa kumpeleka Uarabuni. Mwingine anagombea uchaguzi, anakopa ili agawe sabuni na chumvi, anashindwa, na wale aliowapa sabuni ndio wanaosimama upande wa pili wa njia siku ya mnada. Mwingine anabeti mpira. Huyo wa mwisho sina la kumwambia isipokuwa baba yake asimwonyeshe hati ilipo.

Sasa niwaeleze karatasi, maana vijana wengi mna simu za bei kubwa lakini hamsomi mnachotia sahihi.

Karatasi ya kwanza ni rehani halali ya benki au ya chama cha akiba na mikopo, yaani SACCO. Hii inaongozwa na Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika 2011, pamoja na kanuni zake za 2012. Ina hatua zake, na nitazitaja. Karatasi ya pili ni ya mkopeshaji binafsi wa mjini, na hapa ndipo watu wetu wanapomalizikia. Wapo wakopeshaji wenye leseni na wanaofuata sheria. Lakini wapo wengine ambao hawakuandikii mkataba wa mkopo hata kidogo. Wanakuandikia mkataba wa mauzo. Unapewa milioni 5, unatia sahihi kwamba umeuza shamba kwa milioni 5, na unaambiwa kwa mdomo kwamba ukirudisha pesa na riba, karatasi itachanwa. Mwenyekiti wa kijiji, wa LC1, anagonga muhuri, mashahidi wawili wanaweka vidole gumba, na wewe unatoka ukiamini umekopa. Hujakopa. Mbele ya mtu yeyote atakayeisoma karatasi ile, umeuza. Mahakama za Uganda zimewahi kuitazama mikataba ya namna hiyo na kusema kwamba ni mkopo uliovishwa nguo ya mauzo, lakini kufika huko kunahitaji wakili, nauli, ushahidi na miaka. Mtu aliyekosa riba ya mwezi mmoja atapata wapi pesa ya wakili? Binamu wa karatasi hii ni fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi ikiwa tupu. Usitie sahihi kwenye fomu tupu. Hata kama anayekupa ni shemeji yako, hata kama ni mzee wa kanisa, usitie.

Kuhusu riba, fanyeni hesabu wenyewe. Tuseme mtu amekopa milioni 5 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, jambo ambalo mitaani husikika kama la kawaida. Kila mwezi anatoa laki 5, na mwaka ukiisha amelipa riba ya milioni 6 huku zile milioni 5 zingali palepale hazijapungua hata shilingi. Serikali mwaka 2024 iliweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji binafsi: asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa milioni zile zile 5, hiyo ni shilingi 140,000 kwa mwezi. Tazameni umbali uliopo kati ya laki 5 na 140,000, kisha mwulize mkopeshaji wako yuko upande gani. Wakopeshaji hawa wanasimamiwa chini ya sheria ya 2016 na mamlaka iitwayo UMRA, na wanatakiwa kuwa na leseni. Mwombe akuonyeshe. Akikunja uso, umepata jibu. Na asichukue kitambulisho chako cha taifa wala kadi yako ya ATM kama dhamana. Hilo limekatazwa, ingawa najua droo nyingi mjini zimejaa vitambulisho vya watu wa milimani.

Kabla hujafika huko kote, umekwenda kuuliza parokiani? Mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, ule tunaouita PDM, ulizinduliwa 2022 na unatoa shilingi milioni moja kwa kaya bila kuomba hati ya shamba. Una matatizo yake na watu wana malalamiko yao, nayajua. Lakini milioni moja isiyogusa kaburi la babu yako ni bora kuliko milioni 5 zinazoligusa. Na vile vikundi vya akiba mnavyovidharau, vya akina mama wanaokutana na sanduku lenye kufuli tatu, havijawahi kumleta dalali kijijini kwetu.

Naja kwa wake na waume, na hapa nataka mnisikilize sana.

Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake ya 2004, inasema kwamba ardhi ambayo familia inakaa na kupata riziki haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Sheria ya Rehani nayo inamtaka mkopeshaji ahakikishe kwamba mke au mume amekubali kwa kuelewa, na kwamba ameambiwa ana haki ya kupata ushauri wake mwenyewe. Binti zangu, mkiletewa karatasi jioni, chakula kikiwa jikoni, mkaambiwa "weka sahihi hapa, ni ya mbolea," msiweke. Semeni: nitaisoma kesho, na nitampelekea kaka yangu mwalimu aisome. Mume mwenye nia njema atangoja kesho. Na mke anayeogopa kwamba mumewe ataiweka rehani ardhi kwa siri anaweza kuweka zuio kwenye usajili mapema, kabla pesa haijatoka. Baada ya pesa kutoka, anapigana akiwa chini. Wapo wanaume ambao huleta mwanamke mwingine benki aseme yeye ndiye mke. Huo ni uhalifu, na anayefanya hivyo ameuza watoto wake pamoja na shamba.

Ninyi vijana, lijueni jambo hili pia. Sheria ya 1998 ilipopitishwa mara ya kwanza, ilitaka hata watoto waliofikia umri wa utu uzima waulizwe. Marekebisho ya 2004 yakawaondoa, akabaki mume na mke. Maana yake baba yako anaweza kuweka rehani shamba unalolilima, mama akakubali, na wewe hukuulizwa na sheria haikukutaja. Basi usikae kimya ukingoja kuulizwa. Kaa na wazazi wako. Waulize hati iko wapi. Waulize kama kuna deni. Swali la namna hiyo si utovu wa adabu. Zamani wazee wa kilima walilizungumza mbele ya vijana wote waliobalehe, na hakuna aliyepitisha mpaka wa shamba gizani.

Wengi wetu huku hatuna hati miliki ya ofisi ya ardhi ya Fort Portal. Tunashika ardhi kimila, na Kasese ni miongoni mwa wilaya zilizotangulia kutoa vyeti vya umiliki wa kimila. Ni jambo jema. Cheti kinamzuia jirani kusogeza mpaka. Lakini msije mkadhani cheti cha kimila hakiwezi kukupeleka mnadani. Sheria inakitambua kama uthibitisho wa umiliki, na benki inaweza kukipokea. Kwa hiyo unapokwenda kwa kamati ya ardhi na kwa msajili pale gombolola, angalia jina linaloandikwa. Kama ni la kaka yako mkubwa peke yake kwa sababu yeye ndiye mwenye muda na nauli, basi ndugu sita mmempa mtu mmoja kalamu. Andikeni majina ya wahusika. Mke aandikwe. Dada aliyerudi nyumbani na watoto wake aandikwe.

Sasa barua. Ukishindwa kulipa rehani halali, kwanza utaletewa notisi ya kukujulisha kwamba umevunja mkataba, nawe una siku 45 za kazi za kurekebisha. Siku za kazi, maana yake Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Ni zaidi ya miezi miwili. Usiporekebisha, inakuja notisi ya kuuza, ambayo ina siku 21 za kazi. Mnada hutangazwa kwenye gazeti linalosomwa na wengi. Ardhi lazima ithaminiwe, na thamani hiyo isiwe imepita miezi sita. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora iwezekanavyo, na hawezi kujiuzia mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Mpaka bei ya mwisho ikubaliwe, wewe bado una haki ya kulipa deni na kukomboa mali yako. Ikizidi pesa ya mnada, kilichobaki ni chako, dai hesabu. Ikipungua, na hili wengi hawalijui, bado unadaiwa. Unaweza kupoteza shamba na deni likabaki.

Hesabuni siku hizo muone. Ni zaidi ya miezi mitatu tangu barua ya kwanza. Katika miezi mitatu mtu anaweza kuuza ng'ombe, kuuza kipande kimoja cha shamba kwa hiari na kwa bei nzuri akabakiza nyumba, kuita ukoo, kwenda benki kuomba mkopo upangwe upya. Mwaka 2020, wakati wa korona, Benki Kuu iliziruhusu benki kuwapangia upya wateja walioathirika, na waliokwenda kuomba walisikilizwa. Waliojificha hawakusikilizwa, kwa sababu hawakusema. Miezi mitatu ni muda mkubwa kwa mtu aliyeifungua barua. Kwa aliyeikunja chini ya godoro ni usiku mmoja.

Kuna uvumi ambao umewaponza wengi: kwamba hakuna anayeweza kuuza shamba lako bila amri ya hakimu. Si kweli. Mwenye rehani iliyosajiliwa anaweza kuuza akifuata notisi hizo, bila kupita mahakamani. Mahakama huagiza mnada pale unaposhitakiwa kwa deni, ukashindwa kesi, ukakaidi hukumu. Hapo dalali wa mahakama hupewa hati ya kukamata mali na kuiuza. Wengi hushindwa kesi hizo kwa sababu moja ya kusikitisha: hawakwenda. Waliletewa samansi wakaogopa, na hukumu ikatoka bila wao. Samansi si kifungo. Nenda usikilizwe.

Na ukitaka mahakama isimamishe mnada wa rehani siku za mwisho, ujue kanuni za 2012 zinairuhusu ikutake uweke asilimia 30, ama ya thamani ya kuuzwa kwa haraka, ama ya deni lililobaki. Mtu anayedaiwa milioni 20 aandae milioni 6 taslimu kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana namwambia kila anayenijia jioni ya kuamkia mnada: mwanangu, ungekuja wakati wa barua ya kwanza tungechanga hata laki mbili mbili. Hata hivyo, kama ardhi iliyokamatwa kwa hukumu si ya mdaiwa peke yake, mke, ndugu au mama mjane anayeishi juu yake anaweza kuweka pingamizi mahakamani kwamba yeye ndiye anayeimiliki au kuikalia. Afanye hivyo kabla ya mauzo, si baada ya ng'ombe wa mgeni kuingia kwenye migomba.

Wenzetu wa Kenya wamejipa ulinzi zaidi kidogo. Sheria yao ya Ardhi ya 2012 inasema bei ya mnada ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa kwamba muuzaji hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vingine. Ningependa Bunge letu lilitazame hilo. Zanzibar nao, miaka ya 1930, mashamba mengi ya karafuu yalikuwa yamefungwa kwa madeni ya wakopeshaji wa Kihindi, hadi serikali ya Waingereza ikatoa dikrii mwaka 1934 ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika kuhamia mikononi mwa wengine bila ruhusa. Ardhi ilizuiwa kuondoka, lakini madeni hayakufutika kwa kalamu hiyo, na ugomvi wake uliendelea kwa miaka. Hakuna atakayetuwekea zuio la namna hiyo hapa Maliba. Zuio letu ni mazungumzo ya nyumbani.

Neno langu la mwisho ni kwa ninyi mlio na pesa, hasa wafanyabiashara wa Bwera na Mpondwe ambao mnaambiwa kuna shamba la bei rahisi mnadani. Kununua mnadani si dhambi, na sheria inamlinda mnunuzi asiye na hila. Lakini kabla hujataja bei, panda mlima ukaone. Uliza nani analala pale. Uliza kama mke alikubali. Nenda gombolola au ofisi ya ardhi Fort Portal ukatazame usajili. Uliza makaburi yako upande gani na familia itayafikiaje. Ukikuta mjane aliyeghushiwa sahihi, usinunue, hata kama dalali anakwambia karatasi ziko sawa. Utajenga uzio, lakini wanao watakua miongoni mwa watoto wake. Na kama wewe ni ndugu wa ukoo mwenye uwezo, usingoje mnada upate bei ya chini. Nenda leo, lipa lile deni, andikeni ndugu yako atakavyokurudishia, na shamba libaki.

Kwako wewe ambaye barua yako iko chini ya godoro wakati unasoma maneno haya: itoe usiku huu. Msomee mkeo, au msomee mumeo, neno kwa neno, pamoja na tarehe iliyo juu. Hesabuni pamoja siku zilizobaki. Kesho asubuhi nendeni wawili benki au kwa mkopeshaji mkaseme mnachoweza kulipa, na mkiwa njiani piteni kwa mwenyekiti wa LC na kwa mzee yeyote wa ukoo mnayemwamini. Kama mzee huyo ni mimi, mlango wangu unafunguliwa mapema.